Unga wa Tito

Kwa mwaka mzima na miezi miwili Mektrida alimshukuru Mungu kwa ajili ya unga.

Alishukuru kila asubuhi baada ya sala ya Malaika wa Bwana, amepiga magoti juu ya gunia lililokunjwa ili baridi ya sakafu isimpande mifupani. Alimtaja marehemu mumewe Kornel, akamtaja binti yake Gladys aliyeolewa mjini, na mwisho akamtaja Tito, mwanawe wa kiume wa pekee, pamoja na biashara yake ya unga. Habari hiyo ililetwa Uru, huko mlimani, na Rogath, fundi baiskeli wa Rau kule chini, alipopanda kuja msibani. Mektrida alimwuliza, "Umemwona Tito wangu huko chini?" Rogath akatazama viatu vyake, akasema, "Nimemwona, mama. Yupo. Siku hizi yuko kwenye unga." Kisha akaomba maji ya kunywa, na mazungumzo yakaishia kwenye kikombe.

Mwanamke aliyeishia darasa la nne kwa masista, unga anaoujua ni unga: wa mahindi, wa ulezi, wa ndizi zilizokaushwa. Tena miaka ile kila mtu alikuwa amegeuka mfanyabiashara. Kahawa haikuwa na bei, watu waling'oa mibuni wakapanda nyanya, na mtoto wa mtu akisikika anauza kitu mjini, wazazi hawakuuliza mara mbili. Jumapili ile, nje ya kanisa, Mektrida aliwaambia wanawake wenzake, "Tito wangu anauza unga." Baadhi wakasema hongera. Aikande, jirani yake wa ng'ambo ya mfereji, akakohoa. Mektrida alikisikia kikohozi, maana hakuwa mtu wa kupitwa na jambo, lakini alidhani ni wivu, akamsamehe palepale.

Ulezi ulipovunwa alipima debe moja likajaa hadi juu, akalifunga kwa kitenge, akateremka nalo hadi Rau. Alisimama njia panda kwenye mafundi baiskeli, akauliza kwa sauti ya mtu asiye na cha kuficha:

"Wanangu, nionyesheni duka la unga la Tito wa Kornel. Nimemletea ulezi asage auze!"

Kicheko kilichotoka pale! Mmoja alijishika tumbo, mwingine akakimbilia nyuma ya ukuta. Mtu mmoja tu ndiye aliyejizuia, mwanamume wa makamo mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono. Jina lake Ally, mwenye banda la video. Alimwamkia shikamoo, akampa kiti, akamwambia Tito ametoka kidogo na kwamba yeye angemfikishia mzigo. Mektrida akamwachia debe, akapanda zake Uru, akiwaza kwamba watu wa mjini siku hizi wanacheka ovyo.

Mwezi wa nane Tito akaja mwenyewe.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, zamu ya jumuiya kusali kwa Mektrida. Wanawake kumi na wanne walikuwa sebuleni katikati ya litania. Akasikia hodi ya mlango wa nyuma, akaufungua kidogo. Mwanawe alikuwa amekonda, macho yamezama, mguu mmoja una kandambili na mwingine mtupu.

"Mama."

"Ee Ruwa, Mungu wangu! Una malaria?"

Tito alishika mwimo wa mlango. Huko ndani wanawake walikuwa wakiitikia, na Aikande alikuwa ameinua shingo aone ni nani mlangoni. Mektrida aliwaza jambo moja tu: hawa ndio niliowaambia mwanangu ni mfanyabiashara. Akasema kwa sauti ya chini, "Kanisubiri kwenye banda la ng'ombe. Tukimaliza nakuita." Akafunga mlango.

Walipomaliza sala walikunywa chai. Baada ya chai wakaongea habari za paa la kanisa. Alipofika bandani, alimkuta ng'ombe peke yake.

Ukweli ulimfikia mwezi wa kumi, na aliyeuleta ni Gladys, aliyekuja kuchukua ndizi.

"Mama, huo unga wa Tito," Gladys alianza. "Kaa chini kwanza."

"Nimekaa."

"Siyo unga wa ugali, mama. Ni dawa za kulevya. Wanaita unga kwa sababu ni mweupe. Na Tito hauzi, anakula. Anauvuta kwenye sigara. Huko mjini watu kama yeye wanawaita mateja."

Mektrida alikuwa akimenya ndizi mbichi. Alimaliza aliyoishika, akamenya nyingine tatu, vidole vyake vyeusi kwa utomvu.

"Kwa hiyo walionicheka njia panda walijua."

"Walijua."

"Na Aikande?"

"Mama, Uru nzima inajua. Ulibaki wewe tu."

"Anashinda wapi?"

"Kwenye banda la Ally, lile la video. Anakaa mbele kabisa, chini sakafuni. Lakini usiende, mama. Mume wangu alikwenda, akampiga hata makofi. Tito alikimbia, hatukumwona wiki mbili."

"Mimi siendi kumpiga," alisema Mektrida, akatupa ganda.

Banda la Ally lilikuwa la mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, ndani kuna mabenchi ya mbao za mirunda na televisheni moja juu ya meza ndefu. Nje palikuwa na ubao ulioandikwa kwa chaki: LEO SAA TISA, POLISI WA UNGA. VICHEKO NA NGUMI. Ally alipomwona Mektrida kwenye foleni, na kitenge chake cha kanisani na rozari shingoni, alivua kofia.

"Shikamoo mama. Lakini humu, mama, ni mkanda wa ngumi."

"Marahaba. Kiingilio chako kinakataza wajane?"

Akaingia, akakaa benchi la nyuma. Macho yalipozoea giza aliuona mgongo wa Tito mbele, umejikunja kama wa mzee. Hakumwita. Alisema moyoni, nitazame kwanza mwanangu anatazama nini.

Mkanda ulikuwa wa Wazungu. Polisi wawili, mmoja mnene na mmoja mwembamba, walikuwa wakifukuza begi la unga uliotoka ng'ambo. Begi lilichanganywa na begi la mwoka mikate. Majambazi wakanusa ngano, wakapiga chafya hadi bastola zikalia zenyewe. Polisi mnene akakwama dirishani. Palikuwa pia na kijana mmoja mwembamba, mchafu, aliyelifuata lile begi kila lilikokwenda kwa sababu alikuwa hawezi kuishi bila kilichomo. Wakati wote Ally alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti mkononi akiwasemea watu wote, maana wale Wazungu waliongea Kiingereza na waliokuja pale hawakukijua. Yule kijana alimpa jina la Mangi, kama Wachaga wanavyoitwa mjini, na akamsemesha Kiswahili cha watu wa Uru, kile kinachopanda na kushuka kama njia ya kwenda kwetu. Kila Mangi alipofungua mdomo, mabenchi yalitikisika.

Ikafika mahali Mangi anagonga mlango wa nyumba ndogo, na mama mtu mzima anafungua. Hapo watu wakaanza kusukumana mabega, wakijua kinachokuja. Ally akabana pua, akatoa sauti ya bibi:

"Wanangu, nionyesheni duka la unga la mwanangu! Nimemletea ulezi asage auze!"

Banda zima lilisema naye, neno kwa neno, kama watu wanaosema Nasadiki. Mektrida alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka kwenye spika na kwenye vinywa vya watu asiowajua. Hakuinuka. Alimtazama Tito tu. Wote waliokaa karibu naye walirusha vichwa nyuma kwa kicheko. Shingo ya Tito ilibaki imeinama.

Watu walipotoka, alimsubiri mlangoni.

"Tito."

Kijana alishtuka kana kwamba ameguswa na kaa la moto. "Mama. Nenda nyumbani. Nitakuja Jumapili."

"Jumapili hii?"

"Nimesema nitakuja, mama!"

Jumapili aliandaa sahani mbili. Moja ilioshwa bila kutumika. Jumanne saa nane alikuwa tena kwenye foleni ya Ally.

Mara hii alikuja na kazi. Aliishika rozari mapajani, na kila watu walipocheka alisogeza punje. Rozari si ya kuhesabia vicheko, hilo alilijua, na alikusudia kuliungama. Ila hakuwa na kitu kingine cha kuhesabia, na alitaka kujua kwa hakika, maana mtu akienda kusema na mwenzake bila hakika ataambiwa ni maneno ya uchungu tu. Mkanda ulipokwisha alikuwa amehesabu vicheko arobaini na vitatu. Ishirini na saba vilikuwa vya kumcheka Mangi.

Na aliona mengine. Kwa kuwa hakujua Kiingereza, na kwa kuwa safari hii aliamua kutosikiliza sauti ya Ally, alitazama nyuso. Aliona kwamba polisi wakiumia, picha inasogezwa karibu mpaka unaona jasho la kwenye nyusi. Mangi akiumia anaonyeshwa kutoka mbali, kama mbuzi anayevuka barabara. Aliona kwamba katika mkanda mzima Mangi hakupewa hata tonge la chakula na mtu yeyote. Mbwa wa polisi alivunjika mguu, akafungwa bendeji, akapigwa busu na msichana. Mangi mwishoni alikimbia juu ya paa amekumbatia begi, akateleza, begi likapasuka, unga ukanyesha mji mzima, na polisi wawili wakacheza dansi katikati ya weupe ule. Hakuna aliyekwenda kutazama kijana ameangukia wapi. Hakuna aliyemfunika hata shuka. Mnyang'anyi msalabani, Mektrida aliwaza, walau alijibiwa neno.

Mara moja tu ndipo picha ilipomsogelea Mangi na kutulia usoni pake, kimya, hata muziki ukakatwa. Ni pale mlangoni kwa mama. Na nyuma ya yule mama, mezani, palikuwa na vikombe. Vikombe vingi. Mektrida aliviona vile vikombe na mikono yake ikaacha punje.

Alitoka bila kumwita Tito. Njia nzima ya kupanda hakusali. Alikuwa akipanga maneno.

Kesho yake alifika saa saba, kabla ya watu. Ally alikuwa akifuta deki ya video kwa kitambaa.

"Shikamoo mama. Naona sasa umekuwa mpenzi wa ngumi."

"Marahaba, Ally. Kiingereza ulisomea wapi?"

Ally akacheka. Akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Nitakudanganya nini, mama. Najua 'kamoni', najua 'gudibai', najua matusi mawili. Mengine natazama midomo, nabuni."

"Basi tuko sawa. Mimi najua 'gudimoning'. Masista walitufundisha." Akakaa kwenye benchi la mbele, mahali pa Tito. "Mkanda wako nimeutazama mara mbili. Mtu huyu mmoja anachekwa kuliko polisi wote wawili wakijumlishwa. Nimehesabu."

"Mama, ni vichekesho. Nisipochekesha, watu wanahamia Majengo, kuna banda jingine."

"Sijasema usichekeshe. Yule mnene akikwama dirishani hata mimi nilicheka, Mungu ananiona. Nasema jambo jingine. Aliyepiga picha hii alimcheka huyu kijana mwanzo hadi mwisho, ila mahali pamoja alinyamaza. Alikata na ngoma zake. Mahali hapo pamoja, Ally, ndipo wewe ulipopiga kelele."

Ally aliacha kufuta.

"Yule mama hafungui mdomo," aliendelea Mektrida. "Nimemtazama. Hasemi hata neno. Wewe umemwekea maneno, na hayo maneno ni yangu."

"Mama, mimi..." Ally alivua kofia, akaivaa tena. "Watu wenyewe ndio walianza kusema vile njia panda. Mimi nikaona yanakaa vizuri. Sikudhani ungekuja kuyasikia."

"Lile debe la ulezi ulimpa Tito?"

Ally alikunja kitambaa. Nje mtu alipita akipiga kengele ya baiskeli.

"Tito angeliuza siku ileile, mama," Ally alisema mwisho. "Nilipeleka nyumbani. Watoto walikunywa uji mwezi mzima."

"Sikuja kwa ajili ya ulezi. Watoto wakinywa uji ni baraka. Lakini yale maneno yalikuja pamoja na debe, na yenyewe umeyala. Hayo nayataka."

"Unataka niyatoe?"

"Nataka unipe hicho kipaza sauti. Pale mlangoni tu. Kabla yake na baada yake, banda ni lako."

"Watu watanizomea."

"Watanizomea mimi. Nimeshazoea, walianzia njia panda."

Saa tisa banda lilijaa. Tito aliingia wa mwisho, akaketi sakafuni mbele, hakumwona mama yake aliyekaa kando ya meza gizani. Mkanda ulikwenda kama kawaida, Ally akisemea huyu na yule, ingawa aliyemsikiliza kwa makini angegundua kwamba Mangi leo amepoteza lafudhi ya Uru. Mangi alipokaribia ile nyumba, watu wakaanza kusukumana. Ally akasema, "Jamani, sehemu hii leo ina mkalimani mgeni," akampa Mektrida kipaza sauti.

"Huyu ni mama yake," Mektrida alisema. Sauti yake ilitoka kwenye spika kubwa kuliko alivyotarajia, akashtuka, akakisogeza kipaza sauti mbali kidogo. "Hasemi kitu. Tazameni mdomo. Umefungwa."

Tito aligeuza kichwa.

"Bibi, sema ile ya ulezi!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma. Wachache wakacheka.

"Ya ulezi niliisema mimi," Mektrida akajibu. "Njia panda pale, mbele yenu. Mimi ndiye mama wa Mangi. Mtu aliniambia mwanao yuko kwenye unga, nikadhani unga ni unga. Cheka, mwanangu, maliza, halafu tazama."

Aliyecheka hakumaliza.

"Mkono wake uko kwenye komeo. Anamtazama mtoto miguuni kwanza, kwa sababu hana viatu. Nyuma yake mnaona vikombe? Ana wageni. Anaogopa wageni wasimwone mtoto." Kwenye televisheni yule mama alirudi nyuma hatua moja. "Sasa anafunga. Mtasema ana roho mbaya. Hana. Anadhani wageni wakiondoka atamwita. Mimi wangu nilimwambia akanisubiri kwenye banda la ng'ombe. Tukanywa chai. Tukaongea habari za paa."

Mlango wa kwenye picha ukafungwa. Uso wa kijana ukabaki peke yake, mkubwa, umejaza kioo.

"Hapa hakuna maneno," alisema Mektrida. "Mtazameni tu." Akamrudishia Ally kipaza sauti.

Ally hakukitumia mara moja. Polisi wawili walirudi, wakagombana kwa Kiingereza chao wenyewe bila wa kuwasemea. Kisha yule mnene akakwama dirishani, watu wakacheka, na Mektrida hakuona ubaya. Lakini Mangi alipofika juu ya paa akateleza, banda lilikuwa kimya. Mtu mmoja alianza kucheka huko nyuma, akajisikia yuko peke yake, akaacha.

Tito hakuwepo tena sakafuni.

Alimkuta nyuma ya banda, amechuchumaa, paji la uso limeegemea bati lenye joto.

"Umenidhalilisha, mama. Mbele ya watu wote."

"Nilikudhalilisha mwezi wa nane. Leo nimekuja kukuchukua."

"Mimi siyo wa kuchukuliwa. Hujui. Nikikaa siku moja bila ule unga mwili unanikatika. Wanaita arosto. Ungeniona ungenikimbia."

"Baba yako nilimwuguza miaka miwili. Nilikimbilia wapi?"

"Nitakuibia. Nilishamwibia Gladys pasi yake."

"Pasi yangu ni ya mkaa, nzito. Ukiiba utachoka njiani."

Tito alitoa sauti ambayo ilitaka kuwa kicheko ikashindikana. Alifuta pua kwa mkono. "Ukinichukua nitatoroka nirudi hapa."

"Ukirudi nami nitarudi. Nimeshaujua mkanda wote kwa moyo. Nitakuwa nausemea kila siku, Ally aende nyumbani apumzike."

Alinyoosha mkono. Tito aliutazama muda mrefu, ule mkono wenye madoa ya utomvu wa ndizi. Hakuushika. Lakini alisimama.

Walipanda kwa miguu, kwa kuwa Tito hakutaka kupakiwa garini pamoja na watu. Kila baada ya kona aliketi. Kwenye mfereji wa kwanza alitapika, kwenye wa pili akanawa uso, akageuka kutazama mji chini yao. Mektrida naye akaketi kwenye jiwe, akavua viatu vyake vya kanisani, akampa.

"Ni vya kike, mama."

"Ni vya kupandia mlima. Vaa."

Akavivaa, visigino vimening'inia nje, wakaendelea.

Siku nne za kwanza hazina raha ya kusimuliwa. Gladys alikuja na dawa ya kuzuia kutapika, akaleta na ushauri wa muuguzi aliyemfahamu: maji, uji mwepesi, na mtu wa kukaa naye. Akaleta pia kufuli. "Mfungie, mama. Kila mtu anasema hivyo."

"Mlango nilishaufunga mara moja," Mektrida alimjibu. "Rudi nalo."

Siku ya pili Tito alitoka kweli, akitetemeka, akafika hadi kwenye mibuni ya mwisho ya kihamba, shamba lao la nyumbani. Mama yake alimfuata, hakumshika. Aliketi njiani mbele yake na ungo, akaanza kupeta maharage. Tito alisimama pale, akalia, akamtukana, akaketi. Maharage yalipokwisha kupetwa, akaubeba ungo kuurudisha ndani.

Jumamosi jumuiya ilikuwa zamu ya Aikande. Mektrida alivuka mfereji alfajiri akaomba wasalie kwake.

"Kwako?" Aikande alishangaa. "Na hali ile? Jana tulimsikia anapiga kelele mpaka huku."

"Ndiyo maana."

Wakaja wote kumi na wanne, wakakaa wamebanana, wakijitahidi kutotazama pazia la chumba ambako mtu alikuwa akikohoa. Wakasali. Litania ilipokwisha na mama mwenyekiti akauliza kama kuna matangazo, Mektrida alisimama. Alishika mgongo wa kiti.

"Mwaka jana niliwaambia nje ya kanisa kwamba Tito anauza unga. Nilikosea neno. Tito hauzi unga. Tito anakula unga, ule wa mjini, mnaoujua ninyi nyote na mkanificha. Siwalaumu. Nilikuwa nimejaa sifa, mngeniambia ningewafukuza. Mwezi wa nane alipogonga mlango ule pale, mkiwa mmekaa hapohapo, nilimfungia kwa sababu yenu. Leo yuko ndani, siku ya nne. Sijui kama ataacha. Najua kwamba simfungii tena. Atakayekuja kumwona, aje na mtori wa ndizi, asije na mdomo."

Mtu alisogeza kikombe. Aikande alikohoa, kikohozi kilekile cha nje ya kanisa, halafu akauliza:

"Mtori wa nyama au wa mifupa?"

"Wa mifupa," Mektrida alisema. "Nyama bado haikai tumboni."

Pazia likasogea. Tito alitoka amejifunga blanketi, miguuni amevaa viatu vya mama yake, akasimama akishika ukuta kwa sababu chumba kilikuwa kinamzunguka. Alitazama wanawake wote, mmoja baada ya mwingine.

"Shikamooni."

"Marahaba," waliitika kwa pamoja, kama walivyozoea kuitika litania, na Aikande akajisogeza kwenye benchi ampishe nafasi.